Mungu Hachunguzwi, Lakini Huulizwa

Msibani hapakosi mtu wa kumwambia mfiwa, "Usiulize, Mungu hachunguzwi." Husemwa kwa nia njema, na mara nyingi Ayubu ndiye hutolewa mfano wa mtu aliyevumilia akanyamaza. Anayesema hivyo ameishia sura ya 2 ya kitabu cha Ayubu.

Kuanzia sura ya 3 Ayubu hanyamazi. Anailaani siku aliyozaliwa, anataka kesi yake isikilizwe na Mungu mwenyewe. Wenye majibu ni rafiki zake: mateso ni malipo ya dhambi, basi. Bildadi anathubutu kumwambia baba aliyefiwa na watoto 10 kwamba huenda watoto hao walijiponza. Katika sura ya 22 Elifazi anazua kabisa: eti Ayubu aliwanyima maji wenye kiu, akawafukuza wajane mikono mitupu. Hakuna aliyemwona akiyafanya hayo. Imani yao ilihitaji mkosaji, wakamtengeneza.

Ni kweli, Mungu anaponena kutoka katika upepo wa kisulisuli anamkemea Ayubu kwa kusema asiyoyajua. Anamuuliza alikuwa wapi misingi ya dunia ilipowekwa, na kama anajua majira ya kuzaa ya mbuzi-mwitu wa majabalini. Ayubu anayarudisha maneno yake. Lakini sura ya 42 inaendelea: hasira ya Mungu inawaka juu ya Elifazi na wenzake wawili, kwa kuwa hawakusema yaliyo sawa kumhusu kama Ayubu alivyosema. Wanaagizwa watoe ng'ombe 7 na kondoo dume 7, na Ayubu ndiye awaombee. Yeye mwenyewe haambiwi kamwe kisa cha Shetani tunachokisoma sisi mwanzoni. Siri inabaki siri, na wanaohukumiwa ni wale waliodai kuijua.

Hata Kumbukumbu la Torati 29:29 hukatwa katikati. Ya siri ni ya Mungu, ndiyo. Ila mstari unaongeza kwamba yaliyofunuliwa ni yetu, tuyatende. Mama akifariki akijifungua kwa sababu hospitali haikuwa na damu, hiyo si siri. Kuiita mapenzi ya Mungu ni kumsingizia Mungu uzembe wa watu.

Wachungaji na wazee wa kanisa, mfiwa akiuliza "kwa nini?", msimkatize. Kama hamjui, semeni hamjui. Na kama kifo kina mhusika, mtajeni.