Kamera ya plastiki ina nafasi yake darasani

Wako walimu wanaoamini kwamba upigaji picha wa kisanaa hauwezi kufundishwa shuleni mwao hadi siku ile serikali au mfadhili atakapoleta kamera za bei ghali, tarakilishi na umeme usiokatika. Imani hiyo inawanyima wanafunzi wetu elimu ya macho. Napenda kuipinga kwa kutumia chombo duni kabisa, nacho ni kamera ya plastiki inayotumia filamu.

Chombo chenyewe kina historia yake. Kamera iitwayo Holga ilianza kutengenezwa Hong Kong mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili watu wa kawaida nchini China wapate cha kupigia picha za jamaa zao. Mwili wake ni plastiki na, katika aina nyingi, hata lenzi ni plastiki. Umbali hukadiriwa kwa vijipicha vinne vilivyochorwa kwenye pete ya lenzi: mtu mmoja, watu watatu, kundi la watu, na mlima. Filamu moja hutoa picha 12 za mraba. Mwanga hupenya kwenye maungio, na pembe za picha hufifia zikawa nyeusi. Kasoro hizo ndizo zilizowafanya wasanii waipende, kwa sababu hakuna picha mbili zinazotoka sawa. Uzalishaji ulisimamishwa mwaka 2015, lakini miaka michache baadaye kamera hiyo ikarejea madukani.

Mimi ni mwanaisimu, si mpiga picha, na msomaji ana haki ya kuuliza nimeingiaje katika jambo hili. Nimeingia kwa mlango wa lugha. Tunapiga picha kama tunavyopiga pasi, simu na magoti. Kitenzi chetu hakisemi lolote kuhusu kuona. Nimeanza kushuku kwamba wanafunzi wangu wanakifuata kitenzi hicho neno kwa neno.

Katika somo la lugha na jamii huwatuma wanafunzi mjini Machakos wakakusanye maandishi ya hadharani: mabango ya vinyozi, majina ya hoteli, misemo ya matatu, ili tuchunguze jinsi Kikamba, Kiswahili na Kiingereza vinavyogawana ukuta mmoja. Safari moja kundi la kwanza lilibeba simu, likarudi na mamia ya picha. Nilipouliza kwa nini hii na si ile, kimya kikatanda. Kundi la pili lilibeba kamera ya plastiki yenye filamu moja. Hao walizunguka karibu na kituo cha mabasi asubuhi nzima wakibishana ni bango lipi linalostahili kupewa nafasi moja kati ya 12. Picha mbili ziliharibika kabisa. Moja iliingiwa na mwanga, ukafuta nusu ya bango la kinyozi. Binti aliyeipiga akaitetea mbele ya wenzake kwa dakika kumi, na utetezi wake ulikuwa uchanganuzi bora zaidi wa lugha niliousikia muhula ule.

Wachongaji wa Wamunyu wangeelewa mara moja. Ufundi wao, unaohusishwa na Mutisya Munge aliyejifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, ulijengwa kwa tezo na kisu. Kipande cha mti kikishabanduliwa hakirudi, kwa hiyo mchongaji hutazama gogo kwa muda mrefu kabla ya kulipiga. Filamu nayo haifutiki.

Wala si nadharia tupu. Mwaka 1997, katika mtaa wa Mathare jijini Nairobi, Lana Wong na Francis Kimanzi, ambaye baadaye alikuja kuwa kocha wa Harambee Stars, waliwapa vijana wa chama cha michezo cha MYSA kamera rahisi za plastiki. Mradi ule uliitwa Shootback, na kitabu cha picha na maandishi ya vijana hao kilitolewa mwaka 1999. Mathare ilikuwa imepigwa picha na wageni mara nyingi, tena kwa kamera nzuri. Kilichokuwa kipya ni kwamba aliyeshika kamera aliishi mle, akajua nani wa kumwomba ruhusa na mlango upi ufunguliwe.

Nasi Machakos tunalo deni kama hilo. Mnamo miaka ya 1930 afisa wa kikoloni alipiga picha za vilima vyetu vikiwa uchi, udongo umeliwa na mvua. Karibu na mwaka 1990 watafiti walirudi wakasimama palepale, wakapiga tena, wakakuta matuta na miti ingawa watu walikuwa wameongezeka mara kadhaa. Utafiti wao ukachapishwa mwaka 1994. Neno letu "fanya juu" limeingia hata katika vitabu vya Kiingereza vya kuhifadhi udongo. Lakini mama aliyechimba tuta lile hakuwa nyuma ya kamera safari zote mbili. Mjukuu wake yuko darasani kwako, mwalimu.

Najua pingamizi litakalokuja. Filamu ni ghali siku hizi, na maduka mengi ya kusafisha picha yamefungwa. Kweli kabisa. Hata hivyo filamu ya rangi nyeusi na nyeupe husafishwa kwa dawa chache, maji na chumba chenye giza, na shule yenye maabara ya kemia haikosi mahali pa kufanyia hivyo. Walimu wa fizikia, nao, wamefundisha kamera ya tundu la sindano kwa miaka mingi bila kupiga hata picha moja kwayo. Atakayesema kwamba simu inatosha, kwamba mtu ajizuie tu apige picha 12, na ajaribu kwa wiki moja. Kufuta ni rahisi mno.

Tamasha la kitaifa la maigizo ya shule limekwisha kuzipokea filamu za wanafunzi. Waandalizi wafikirie pia kitengo cha picha za mnato, kiwe na masharti machache: shule moja, kamera moja, filamu moja, na picha zote 12 zitundikwe ukutani, zilizoharibika zikiwemo, kila moja na maelezo ya mwanafunzi aliyeipiga, katika lugha anayoichagua mwenyewe.