Mtuache na Hadithi ya Vardy

Huku kaskazini mashindano ya mpira yakifika fainali, mgeni wa heshima lazima ashike maiki atuhadithie Jamie Vardy. Mmoja nilimsikia Oldonyiro, jua la saa tisa, wachezaji wamechuchumaa vumbini bado wanahema. Ati alikuwa kijana wa kiwandani, hakukata tamaa, na nyinyi pia mtafika. Makofi. Bingwa akapewa jezi na mpira mmoja, mgeni akaingia garini, huyoo, barabara ya Kipsing.

Hadithi ni ya kweli, ila imekatwa katikati.

Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16, wakisema ni mdogo wa mwili. Akaenda Stocksbridge Park Steels, timu ya kamji kadogo karibu na Sheffield, ambako baadaye kwenye kikosi cha wakubwa alilipwa pauni 30 kwa wiki. Mwaka 2007 akapatikana na hatia ya kumpiga mtu. Mwenyewe alisema alikuwa akimtetea rafiki yake asiyesikia vizuri. Akafungwa kifaa mguuni na kuamriwa awe nyumbani saa kumi na mbili jioni. Klabu ikafanya nini? Ilimchezesha, halafu mechi za ugenini ikawa inamtoa mapema awahi nyumbani. Hebu fikiria hilo kidogo. Timu ya daraja la nane, lakini ina ratiba, refa, basi, na kocha anayepanga kikosi akiangalia saa ya mahakama.

Kutoka hapo akaenda Halifax mwaka 2010, Fleetwood mwaka 2011, Leicester mwaka 2012 kwa pauni milioni moja. Msimu wa 2015/16 akafunga katika mechi 11 mfululizo za ligi na Leicester wakawa mabingwa. Aliwaaga mwaka 2025 akiwa na mabao 200 katika mechi 500. Bidii alikuwa nayo, sibishi. Lakini alipanda ngazi, na ngazi hiyo hakuijenga yeye.

Sasa turudi Oldonyiro. Baada ya ile fainali niliongea na namba tisa wa timu iliyoshindwa, kijana wa miaka 19 anayechunga mbuzi wa nyumbani kwao. Maishani mwake amecheza mashindano matatu, yote vikombe vya waheshimiwa. Kati ya la pili na la tatu ilipita miezi kumi na sita bila mechi moja ya maana. Huyo bidii yake mnataka aipeleke wapi? Kwa mbuzi?

Mtaniambia Michael Olunga. Sawa, mwaka 2020 alifunga mabao 28 kwenye ligi kuu ya Japani akiwa Kashiwa Reysol, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Tunajivunia. Lakini Olunga alikulia Nairobi. Tusker, Thika United, Gor Mahia, klabu zote tatu alizopitia kabla ya Uswidi, unazifikia kwa matatu moja au mbili. Mtoto wa Oldonyiro akitaka kuonekana huko lazima kwanza auze mbuzi apate nauli, halafu aombe mtu wa kumlaza. Na akirudi bila kuchaguliwa, atamwambia nini mzee aliyetoa mbuzi?

Ndiyo, najua kuna madaraja ya ligi, kwenye karatasi yanashuka hadi kaunti. Kwenye karatasi hata mimi nina digrii. Ninachouliza ni nani analipa basi la timu kwenda Isiolo mjini na kurudi, nani anamlipa refa, na kama Jumamosi ijayo kuna mechi. Nairobi tumepewa uwanja wa Talanta wa viti 60,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027. Vizuri, tutaujaza. Lakini robo tatu ya maneno yanayomwagwa kwenye zile fainali yangeweza kubadilishwa yakawa mafuta ya basi na hakuna ambaye angeyakosa.

Na msiniambie barabara ni mbaya. Agosti 2027 pia ni uchaguzi, na magari ya kampeni yakitaka Oldonyiro hufika.