Mwenzio analia, wewe unatafuna bisi!

Wiki hii nina kesi, na mshtakiwa ni mimi mwenyewe.

Jumamosi usiku nilikuwa kwa dada yangu, Mbagala. Watoto wamelala, umeme upo, bakuli la bisi katikati. Dada ni mgonjwa wa vipindi vya watu kufungiwa ndani na kamera tangu Mwisho Mwampamba alipotuwakilisha Big Brother Africa mwaka 2003. Basi akaniwekea habari za yule binti wa Kiingereza, Jade Goody.

Kwa msiomjua: aliingia Big Brother ya Uingereza mwaka 2002, hakushinda, ila alitoka na jina. Januari 2007 akarudi kwenye ile ya mastaa, akamporomoshea maneno mwigizaji wa Kihindi, Shilpa Shetty, mpaka akaitwa mbaguzi na nchi ikamgeuka. Agosti 2008 akaenda India kwenye Bigg Boss, na mtangazaji ni Shilpa yule yule (dunia hii, jamani!). Hata kitanda hajakizoea, akaitwa chumba cha faragha, akaambiwa majibu ya vipimo alivyofanya kwao: kansa ya shingo ya kizazi. Kamera zinamtazama.

Aliporudi kwao zikamfuata. Matibabu, nywele kupukutika, machozi. Alipofika kwenye machozi nikamwambia dada, "Hebu rudisha nyuma, sijamwona vizuri uso."

Dada akanigeukia. "Umwone vizuri ili iweje?"

Nikanywea. Maana neno hilo nalijua linakotoka. Tulipomzika baba, mjomba alikodi mtu wa video. Bwana yule hodari kweli. Mama alipoanguka jeneza likitolewa, alisogea na taa yake mpaka puani. Kanda ikawa ya wageni. Siku moja jirani akasema, "Rudisha pale mama alipodondoka." Mama yupo jikoni, anasikia. Akatoka, akachomoa waya ukutani, akarudi kwenye maandazi yake. Hakusema kitu.

Najua mtanijibu kwamba Jade alikubali mwenyewe na alilipwa. Kweli. Alisema wazi kuwa pesa anawatafutia wanawe wawili, na harusi yake ya Februari 22, 2009 aliiuza kwa moyo mmoja. Tena wanawake wengi wa Uingereza walikimbilia kupima kwa sababu yake, na hilo si dogo hata kidogo. Mimi simlaumu yeye. Angekuwa shangazi yangu ningemwambia uza, watoto wasome.

Ila mkataba ule alisaini na wenye kamera. Mimi na bisi zangu tumeingiaje? Msibani kwetu hata yule mmbeya wa kona, anayehesabu nani kalia na nani hajalia, ameshabeba ndoo ya maji, ametoa rambirambi, amelala mkekani na mbu wamemtafuna. Akiyaona machozi, ameyalipia. Mimi sikumpa Jade hata pole. Kipindi kikipoa, nahamia kwenye mpira.

Na watu wa aina yangu ndio tunaowapa haraka wenye biashara. Machi 2009 jarida la OK! lilitoka na toleo la kumkumbuka marehemu, mwaka wa kufa umeandikwa kabisa, wakati mwenyewe yupo kitandani anapumua. Alikufa siku chache baadaye, Machi 22, akiwa na miaka 27. Siku hiyo kwao ilikuwa Siku ya Mama.

Mtauliza kama tulizima. Wapi! Tulitazama mpaka harusi, mimi nikatoa machozi, dada akaniuliza namlilia nani. Sikuwa na jibu, nikasema moshi wa jikoni.

Jumapili nakwenda kumsalimia mama. Hili simwambii.