NANI ANAKULA RUZUKU YA NGANO?

Kila msimu wa kupanda ufikapo katika Kaunti ya Uasin Gishu, twaambiwa kwamba serikali inamsaidia mkulima. Twafurahi kusikia hivyo. Lakini tunalo swali moja ambalo wakubwa hawapendi kuulizwa: mkulima yupi?

Jambo hili lina historia yake, na ni vizuri vijana waijue. Tangu mwaka 1908 masetla waliingia katika nchi ile, wakaigeuza mashamba ya ngano na mahindi. Walijisifu kwamba wanajitegemea, na kwamba Mwafrika ndiye mvivu. Lakini katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliuwekea ushuru unga wa ngano wa kutoka nje, ili ngano ya masetla ipate soko. Aliyenunua mkate mjini ndiye aliyewalipia.

Vita vilipopamba moto, mwaka 1942, ikatungwa sheria ya kuongeza mazao. Setla akahakikishiwa bei, tena akapewa dhamana ya malipo kwa kila ekari. Mvua ikikosa au kutu ikiharibu ngano, hazina ya serikali ilimshika mkono. Mwaka huo huo Waafrika walishurutishwa kwa sheria kufanya kazi katika mashamba ya masetla. Je, Mwafrika aliyepoteza mavuno yake katika rizavu alikuwa na dhamana gani? Hakuwa nayo, na kodi alidaiwa vile vile.

Uhuru ulipatikana mwaka 1963. Mashamba mengi yakabadili wenyewe, lakini malipo ya dhamana kwa ekari yaliendelea kwa miaka mingi. Setla aliondoka, kipimo chake kikabaki. Na kipimo hicho ndicho tunachokilaumu, kwa maana ni kipimo cha ardhi, si kipimo cha jasho.

Mwaka 2022 bei ya mbolea ya ruzuku ilishushwa hadi shilingi 3,500 kwa gunia la kilo 50, na mwaka 2023 hadi 2,500. Hilo lilikuwa jambo jema, wala hatulipingi. Lakini hebu tufanye hesabu. Tuseme serikali inachangia shilingi 2,500 katika kila gunia, na kila ekari inapewa gunia moja. Mwenye ekari 2 atasaidiwa shilingi 5,000. Mwenye ekari 400 atasaidiwa shilingi milioni moja. Tena huyu ana lori lake, na yule anapanga foleni tangu alfajiri, kisha anakodi pikipiki. Fedha hizo ni za nani? Ni za kila anayelipa kodi anaponunua sukari na sabuni.

Wako watakaosema kwamba ngano si zao la jembe la mkono, na kwamba bila mashamba makubwa tutazidi kula ngano ya Urusi na Argentina. Ni kweli kwamba ngano yataka trekta na kombaini. Ni kweli pia kwamba ngano tunayokula ni nyingi mno kuliko tunayovuna. Lakini kombaini haiulizi shamba ni la nani. Wakulima ishirini wenye mashamba yanayopakana, wakiungana katika chama cha ushirika, wanaweza kuikodi kama tajiri anavyoikodi.

Kwa hiyo twasema wazi. Ruzuku iwekewe mpaka kwa kila mtu, na anayezidi mpaka huo anunue mbolea kwa fedha zake. Majina ya wanaopewa yabandikwe hadharani katika kila kata. Nafuu itakayopatikana inunue mashine za kukaushia nafaka na kutengeneza barabara za kwenda ghalani. Na ngano ya mnyonge inunuliwe mapema, asije akaiuza kwa hasara kwa sababu ya karo ya watoto.

Wanachama wenzetu, yapelekeni maneno haya katika mikutano ya matawi. Hatukupigania Uhuru ili tubadilishe jina la anayekula. Tulipigania sahani ifike kwa wote.

Harambee!