Tusiwaache wapiga vyombo bila majina

Katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee huko Marekani, kuna nyumba ya makumbusho ambayo haikuanzishwa kwa ajili ya waimbaji. Ilianzishwa kwa ajili ya wale wanaosimama nyuma yao: mpiga gitaa, mpiga besi, mpiga ngoma, mpiga piano. Inaitwa Musicians Hall of Fame and Museum. Mwanzilishi wake, Joe Chambers, alikuwa mwanamuziki na mtunzi, na aliifungua mwaka 2006. Ndani mnawekwa vyombo vilivyotumika kweli studioni, pamoja na majina ya watu waliovipiga.

Naona sisi huku Congo tuna somo la kuchukua hapo, na wa kwanza kulichukua ni sisi watu wa redio. Somo hilo linawahusu pia ndugu zetu waliohama makwao kwa sababu ya vita, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuwafahamu watu wenyewe. Nashville ndio mji mkuu wa muziki wa kantri. Tangu miaka ya 1950 kulikuwa na kundi dogo la wapigaji ambao hawakuwa na bendi ya mtu mmoja. Studio ikiwahitaji iliwaita. Leo wanampigia mwimbaji huyu, kesho yule. Kazi moja ilikuwa ya saa 3, na katika saa hizo walitegemewa kumaliza nyimbo 3 au 4. Mara nyingi wimbo walikuwa wanausikia siku hiyohiyo kwa mara ya kwanza.

Ili waende haraka, walitumia njia ya kuandika muziki kwa namba. Kila akodi inapewa namba yake: 1, 4, 5 na kuendelea. Mwimbaji akisema wimbo uko juu mno kwa sauti yake, wanaushusha palepale bila kuandika upya, kwa sababu namba hazibadiliki. Neal Matthews wa kikundi cha Jordanaires ndiye aliyeianzisha, Charlie McCoy na wenzake wakaieneza. Hiyo ni akili ya ufundi, kama ya fundi mwashi anayepima ukuta kwa jicho.

Wazee wengi wa upande wetu huu wa Afrika wanamkumbuka Jim Reeves. Wimbo wake "He'll Have to Go" ulirekodiwa Nashville mwaka 1959. Sauti ile nzito na tulivu kila mtu anaijua. Lakini piano ni ya nani? Ni ya Floyd Cramer. Gitaa alipiga Hank Garland, besi Bob Moore, ngoma Buddy Harman. Mwimbaji alisikika taratibu kwa sababu hao wote walijizuia, kila mmoja akapiga kidogo tu, pale panapohitajika. Kujizuia ni kazi ngumu kuliko kupiga sana. Muulize mpiga besi yeyote wa kanisani kwako.

Sasa turudi nyumbani. Miezi michache tu baada ya wimbo huo, mwanzoni mwa 1960, wanamuziki wetu walikuwa Brussels wakati wa mkutano wa Meza ya Duara. Huko ndiko ulikotoka wimbo "Indépendance Cha Cha". Kila tarehe 30 Juni unapigwa redioni, na sisi tunatangaza jina moja: Kabasele. Ni haki yake. Lakini gitaa lile la solo ni la Nico Kasanda. La akompa ni la Déchaud, kaka yake. Besi ni ya Brazzos. Ngoma ni za Petit Pierre. Ni vijana wangapi wa Goma, Bukavu au Uvira wanaoweza kutaja hata wawili kati ya hao wanne? Wimbo wenyewe wanauimba tangu shule ya msingi.

Kuna jambo lingine linalonishangaza. Katika muziki wetu wa siku hizi majina hayakosekani kabisa. Wimbo mmoja unaweza kubeba majina ishirini. Wenzetu wanaita libanga, yaani jiwe kwa Kilingala: mwimbaji au atalaku "anarusha jiwe", anataja jina la mfanyabiashara, la mwanasiasa, la mtu anayeishi Ulaya, na aliyetajwa anatoa pesa. Siwalaumu wanamuziki, wanatafuta maisha. Lakini tazameni matokeo. Mtu aliyenunua jina lake anabaki ndani ya wimbo milele, na mtu aliyepiga besi ya wimbo huohuo hajulikani hata mtaani kwake.

Na mtu asidhani kwamba Marekani kila kitu kiko sawa. Wale wapigaji wa Nashville walilipwa kwa kazi ya siku, basi. Hata leo, redio za kawaida za Marekani zinapopiga wimbo, wanaolipwa ni watunzi na wachapishaji. Mwimbaji na wapigaji hawapati kitu. Hivyo kuwekewa gitaa lako kwenye kabati la kioo hakulishi watoto. Heshima nayo mara nyingi huja ikiwa imechelewa. DeFord Bailey, Mwamerika mweusi, alikuwa bingwa wa harmonika katika kipindi cha redio cha Grand Ole Opry tangu miaka ya 1920. Mwaka 1941 aliondolewa, akaishi kwa kung'arisha viatu vya watu. Alikufa mwaka 1982. Jina lake liliingizwa kwenye nyumba ya heshima ya muziki wa kantri mwaka 2005, miaka 23 baada ya kifo chake. Hargus Robbins, mpiga piano kipofu ambaye vidole vyake viko kwenye nyimbo nyingi mno, alipata bahati ya kuingizwa mwaka 2012 akiwa bado hai. Mwaka 2015 nyumba hiyo ya kantri nayo ilifungua maonyesho makubwa yaliyowapa nafasi wapigaji wa studio waliofanya kazi na Bob Dylan na Johnny Cash. Kazi yenyewe walikuwa wameifanya karibu miaka 50 nyuma.

Nilisema jambo hili linawahusu waliohama. Ile nyumba ya Joe Chambers nayo ilihamishwa. Mwaka 2010 mji ulichukua kiwanja chake ili kujenga jumba la mikutano. Vyombo vikapelekwa kwenye ghala karibu na mto Cumberland. Mwezi Mei mwaka huohuo mvua kubwa ikanyesha, mto ukafurika, maji yakaingia ghalani. Gitaa na vyombo vingine vya thamani vikakaa ndani ya maji. Vingine viliokolewa, vingine viliharibika. Nyumba ilifunguliwa tena mwaka 2013, mahali pengine.

Ninyi mliokimbia mnaelewa hadithi hiyo kuliko mtu yeyote. Unahama na kile unachoweza kubeba. Mtoto mgongoni, sufuria, godoro, labda mfuko wa unga. Gitaa linabaki limetundikwa ukutani. Ngoma za kwaya zinabaki kanisani. Kinanda kilichonunuliwa kwa michango ya parokia nzima kinabaki na kila kitu. Wapo waliorudi na kukuta kuta tupu. Wapo walio bado makambini au kwenye familia za mapokezi, mpiga solo hodari amekaa mikono mitupu, na majirani zake wapya wanamjua kama "yule mzee wa hema la mwisho".

Najua atakayesema: watu wanatafuta maji na chakula, wewe unatuletea habari za gitaa? Swali hilo ni la haki na ninalijibu. Njaa inakuja kwanza, hakuna ubishi. Lakini mkulima aliyehama akiomba jembe, hakuna anayemcheka, kwa sababu jembe ni kazi yake. Fundi cherehani akiomba mashine, tunamwelewa. Gitaa la mtu aliyekuwa analisha familia kwa kupiga harusini na kwenye matanga ni jembe lake. Mbali na hilo, mtu aliyepoteza nyumba, shamba na ng'ombe bado anabaki na jina na ufundi wake. Tukimnyang'anya na hivyo kwa kutomtaja, tumemhamisha mara ya pili.

Jumba la makumbusho hatuna fedha za kulijenga. Lakini msingi wa jumba lile si kioo wala taa, ni orodha: nani alipiga nini, kwenye wimbo gani. Orodha tunaweza kuiandika kuanzia leo, na daftari la shule linatosha.

Kwa hiyo nawaomba watangazaji wenzangu: tukipiga wimbo wa orkesta ya kwetu, tutaje mwimbaji, kisha tutaje angalau mpiga solo na mpiga besi. Inachukua sekunde tano, pungufu ya tangazo la sabuni. Viongozi wa kwaya, andikeni kwenye kitabu cha kwaya nani alipiga kinanda na nani ngoma, na mwaka gani. Viongozi wa kambi, mnapoandika kazi ya mtu, msiandike "hana kazi" ikiwa ni mpiga gitaa. Na wazee mnaokumbuka orkesta za vijijini mlikotoka, waambieni wajukuu majina hayo wangali na ninyi jioni, maana hayakuandikwa popote.

Nanyi vijana mnaotuletea nyimbo zenu kwenye flash ili tuzipige, jambo moja tu. Pamoja na jina la wimbo na la mwimbaji, leteni karatasi yenye majina ya wote waliopiga. Aliyelipa ili atajwe mmeshamtaja ndani ya wimbo. Waliotoa jasho tutawataja sisi.