Kabla ya YouTube, Nenda kwa Fundi Rejeta

Kila boom likiingia, hosteli hujaa mahesabu. Mmoja anawaza simu mpya, mwingine anatuma nyumbani ada ya mdogo wake, na siku hizi lipo kundi la tatu: wanaojichanga kujenga kompyuta ya gemu inayopozwa kwa maji, ile yenye mipira inayong'aa na taa za rangi. Wapo wanaosema huo ni ulimbukeni. Mimi simo. Hoja yangu ni kwamba kazi hii tunakwenda kujifunza mbali wakati mwalimu tunaye jirani. Tunamaliza bando kumtazama jamaa wa Marekani, halafu tunapita mbele ya gereji kila siku bila hata kumsalimia fundi rejeta.

Tuweke mambo wazi. Ndani ya mashine hiyo hakuna uchawi. Prosesa ikifanya kazi inachemka. Juu yake kinakaa kibati cha shaba ambacho ndani yake maji yanapita na kubeba joto. Pampu inayasukuma hadi kwenye rejeta, feni inapuliza rejeta, maji yanapoa na kurudi. Sasa chukua lori linalopanda kutoka Babati kuelekea Katesh likiwa na mzigo. Injini inachemka, pampu inasukuma maji, rejeta inapoza, feni inasaidia. Ni kitu kile kile, kimepunguzwa ukubwa na kuwekewa kioo pembeni.

Likizo iliyopita nikiwa nyumbani Mbulu, ndugu yangu mmoja alikuwa na mashine ya aina hiyo, kaijenga mwenyewe kwa vipande vya mtumba. Ukiwasha, ndani ya dakika mbili joto linapanda hadi nyuzi 95, kisha inajizima. Ushauri wa mtandaoni ulikuwa mwingi: badilisha prosesa, badilisha madabodi, paka upya pesti ya kupitisha joto. Pesti ilipakwa mara tatu. Hali ikabaki ile ile.

Tukambebea fundi mmoja wa gereji, mzee ambaye hajawahi kufungua kompyuta. Hakuuliza ni toleo gani. Alisema, "Washeni," akagusa mpira ulio karibu na prosesa, kisha akashika rejeta. "Huku kunaunguza, huku baridi kabisa. Vijana, maji hayatembei. Humu mna hewa." Akatazama pampu, akaona imefungwa juu kuliko tangi la maji. Pampu za namna hii hazivuti hewa; zinataka maji yazifikie yenyewe. Tukazima, tukaishusha pampu chini ya tangi, tukajaza maji, tukaiinamisha kompyuta huku na huku mpaka mapovu yakaisha. Joto likatulia kwenye nyuzi sitini na kitu. Hatukununua hata skrubu.

Alichotufundisha siku ile ni mpangilio wa kuuliza, na ndio tunaoukosa. Maji yapo? Yanatembea? Rejeta imeziba? Feni inapuliza upande unaotakiwa? Ukishamaliza hayo manne ndipo uanze kushuku kitu cha bei kubwa. Sisi tunaanza na cha bei kubwa kwa sababu ndicho kinachozungumzwa.

Yako mengine ambayo kwake ni ya kila siku. Ukanda wetu uko ndani ya Bonde la Ufa, na maji ya visima vingi yana chumvi na floraidi; meno ya kahawia ya wengi wetu ni ushahidi. Fundi hawezi kutia maji ya kisima kwenye rejeta, maana anajua yataacha ukoko. Kwenye kibati cha prosesa njia za maji ni nyembamba kama unywele, kwa hiyo ukoko kidogo tu unatosha kuziba. Tumia maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri za magari. Dukani useme vizuri, usije ukapewa tindikali.

Tena kuna suala la chuma. Kibati cha prosesa mara nyingi ni shaba. Ukikiunga na rejeta ya alumini kwa maji matupu, alumini inaanza kuliwa, na ule uchafu unazunguka mfumo mzima. Fundi anatofautisha kwa jicho: ya shaba anaichomelea kwa risasi, ya alumini risasi haishiki. Wenzetu wa nje walioanzisha mchezo huu miaka ya 1990 walikuwa wakitumia virejeta vya hita za magari, kwa hiyo hata wao walianzia gereji. Kupima uvujaji nako ni kule kule: pampu ipewe umeme peke yake, vingine vyote vichomolewe, karatasi za tishu ziwekwe chini ya kila kiungo, iachwe usiku kucha. Tishu ikilowa, umeokoa kadi ya picha.

Kuna atakayesema fundi hajui kompyuta. Kweli, hajui. Hawezi kusoma joto la prosesa kwenye programu wala kujua kama mashine inajizima kwa joto au kwa umeme mdogo. Hayo tunayajua sisi. Ndiyo maana nataka tukae pamoja: sisi tusome namba, yeye asome mipira.

Na tukikaa naye atatuuliza swali gumu: huku kwetu mnahitaji maji ya nini? Mji wa Mbulu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo feni inabeba joto kidogo zaidi kwa shida, lakini baridi yetu inafidia. Maji hayawezi kupoa kuliko hewa ya chumba ulichomo. Geto la Dar es Salaam lenye nyuzi 32 litakupa maji ya moto hata ukinunua rejeta ya bei gani. Mbulu, feni nzuri ya kawaida inatosha kwa gemu nyingi. Kinachoua mashine zetu zaidi ni umeme unaopanda na kushuka, na vumbi la kiangazi. Boom likiwa dogo, nunua kwanza stabilaiza na pawa saplai ya kuaminika. Maji yaje baadaye, kama darasa.

Ujuzi wa kupoza injini si mgeni Hanang. Tangu miaka ya 1970, mashamba ya ngano ya NAFCO yaliyosaidiwa na Kanada yalijaza matrekta kwenye nyanda za Basotu. Yalichukua malisho ya Wabarbaig, na dhuluma hiyo inastahili makala yake yenyewe. Ninachokumbusha ni kwamba mitambo mikubwa ilishafika huku kabla sisi hatujazaliwa, na haikupozwa kwa video.

Kwa hiyo naomba serikali yetu ya wanafunzi mambo mawili. Kwanza, klabu ya kompyuta ipewe meza moja, bisibisi, pampu na rejeta, tujenge mashine moja ya pamoja badala ya kumi za madeni. Pili, fundi rejeta aalikwe kufundisha, na alipwe posho ile ile anayolipwa mgeni yeyote anayekuja na slaidi. Asiitwe kuonyeshwa kwenye maonyesho. Aitwe kufundisha, na sisi tukae mbele na madaftari.