Mtoto Mchanga Hucheka na Nani Usingizini?

Muhula uliopita, nilipokuwa nikifundisha jinsi mtoto anavyojipatia lugha, niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu swali jepesi: kwa nini mtoto mchanga hutabasamu akiwa amelala fofofo? Kijana mmoja aliyelelewa na nyanyake huko Lamu alijibu pasi na kusita, "Mwalimu, nyanya husema anacheza na malaika." Darasa zima likaangua kicheko. Kwa aibu nakiri kwamba nami nilicheka.

Kicheko hicho kimenikera tangu siku hiyo, kwani hatukumjibu kijana yule; tulimdharau tu. Hebu basi tulitazame suala lenyewe.

Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza aina ya usingizi ambamo macho huchezacheza chini ya kope. Mtoto aliyezaliwa karibuni hulala takriban saa 16 kwa siku, na karibu nusu ya muda huo huwa katika usingizi wa namna hiyo. Mwaka 1969, Robert Emde na Kenneth Koenig walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba tabasamu la siku za mwanzo huandamana hasa na usingizi huo. Kwa hivyo dai lililoenea kwamba ni hewa tumboni halina mashiko.

Isitoshe, tabasamu hilo halihitaji mfano wa kuigwa. Mtoto aliyezaliwa kipofu hutabasamu ilhali hajapata kuuona uso wa mtu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani wameliona hata kwa sokwe wachanga waliolala. Yamkini ubongo unaokua huizoeza misuli ya uso mapema, kama vile mtoto anavyobwabwaja "ba-ba-ba" miezi kadhaa kabla ya kumwita babake. Kama huota ndoto njema, yeye hawezi kutusimulia.

Wapo watakaosema: kumbe ni mishipa tu! Mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo. Kifungua mimba wetu alipokuwa na siku chache, mke wangu aliniita nije nimtazame akitabasamu usingizini. Nilikuwa nikisahihisha mitihani. Nilimjibu bila kuinua uso kwamba ni mishipa tu. Hakuniita tena. Yeye aliendelea kuketi kando ya mtoto na kumsemesha: "Umeona nini, baba? Nani amekuchekesha?" Majuma sita hivi baadaye, mtoto alipoanza kutabasamu macho yakiwa wazi, alimtabasamia mamake. Mimi aliniangalia kama mgeni aliyepita njia.

Katika isimu tunafundisha kwamba sauti huwa neno pale tu watu wanapoipa maana. "Ba-ba" ya mtoto haimaanishi lolote hadi baba aitike. Tabasamu la usingizini nalo halimlengi mtu. Mtoto aliyelala hafunzwi na jibu la mamake. Anayefunzwa ni mama mwenyewe. Tabasamu lile humvuta, humketisha, humzoeza kuusoma uso wa mwanawe, hata siku mtoto atakapofungua macho na kutabasamu kwa kukusudia, atamkuta mtu aliye tayari kumjibu. Hapo ndipo mazungumzo ya binadamu yanapoanzia, kabla ya neno la kwanza.

Msomaji mpenzi, neno "malaika" katika Kiswahili si kiumbe wa mbinguni pekee. Mtoto mchanga pia tunamwita malaika, na hata vinyweleo laini vya mwilini tunaviita malaika. Nyanya wa Lamu hakudai kuwa mtaalamu wa ubongo. Alikuwa akiwaambia wazazi kwamba tabasamu lile lina thamani, nao walitazame. Kwa hilo alinishinda mimi na shahada zangu.

Sisemi kwamba walimu waache kufundisha sayansi ya usingizi. La hasha! Nasema kwamba mwanafunzi akileta darasani neno la wazee, tulichunguze kwanza ndipo tuseme lina kasoro gani na lina faida gani. Nao akina baba, hususan sisi tuliosoma, tuziweke kando karatasi na simu zetu mtoto anapokuwa kitandani. Anahitaji kusemeshwa nasi pia, kwa lugha yoyote tuliyo nayo nyumbani.

Wiki iliyofuata nilimwomba kijana yule radhi mbele ya wenzake. Kisha nikawapa wote kazi ya likizo: kila mmoja awaulize wazee wa kwao, kwa Kigiryama, Kikamba, Dholuo au lugha yoyote ile, mtoto hucheka na nani usingizini, na ayaandike majibu kama yalivyotamkwa. Safari hii nitayasoma yote kabla ya kutia alama.